UZI: SUV ya zamani ikigonga, ikiteleza au ikijikaza, usikubali giaboksi ishushwe kabla ya haya

KaziNaSpana

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Naandika kwa sababu ya yaliyonikuta, na kwa sababu kila mara nakutana na mtu mwenye SUV ya zamani ambaye ameambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi: "Bosi, giaboksi imekufa."

Gari langu ni auto, fowili ya muda wote, yaani tairi zote nne zinavuta wakati wote. Nililinunua likiwa limeshatembea zaidi ya kilomita 200,000. Baada ya miezi michache likaanza tabia mpya. Nikikata kona kali kwa mwendo wa pole, mfano naingia kuegesha, usukani unakuwa mzito, gari linajikaza kama handibreki imevutwa nusu, kisha linaachia kwa kishindo ambacho nakisikia hadi kwenye nyayo. Barabara ikinyooka, shwari kabisa.

Fundi wa kwanza alizunguka nalo mara moja tu akasema giaboksi. Nikaamini. Ikashushwa, ikapandishwa nyingine iliyotumika, nikalipa. Siku ya kulichukua nimetoka getini, kona ya kwanza, gari likajikaza vilevile.

Fundi wa pili hakushika spana kwanza. Aliinama akazitazama tairi, akauliza: "Hizi za nyuma umefunga lini?" Zilikuwa mpya. Za mbele zilikuwa zimeliwa lakini bado nilikuwa naziona zinafaa. Saizi ni moja, namba za ubavuni zilezile. Akachukua chaki, akapiga mstari chini ya ubavu wa tairi ya mbele pale inapokutana na sakafu, na mstari mwingine kwenye sakafu papo hapo. Akafanya hivyo na ya nyuma. Tukalisukuma gari taratibu mpaka kila mstari wa tairi ukazunguka na kurudi chini, akachora tena sakafuni. Tukapima kwa futi ya utepe. Tairi ya mbele ilikwenda mita 2 na sentimita 16 na nusu. Ya nyuma mita 2 na sentimita 20.

Sentimita tatu na nusu. Nilidhani ni kitu kidogo mpaka aliponipigia hesabu. Kila kilomita moja, tairi za mbele zinazunguka mara 7 zaidi ya za nyuma. Safari ya kilomita 100 ni zaidi ya mizunguko 700, na hiyo tofauti lazima imezwe na kitu fulani humo chini.

Kwenye gari kama langu kinachoimeza ni difu ya kati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti) iliyomo ndani ya transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Difu yenyewe haina shida na tofauti hiyo. Shida ni kwamba pembeni yake kuna kaplingi ya visikasi: chombo kilichozibwa, ndani kina sahani nyembamba nyingi zinazoogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mhimili wa mbele na wa nyuma ikipishana mwendo ghafla, mfano upande mmoja umeingia kwenye tope, yale mafuta yanapata joto, yanakaza, na nguvu inahamia upande wenye mshiko. Kimeundwa kifanye kazi kwa vipindi vifupi. Mimi nilikuwa nakifanyisha kazi kutwa nzima, kila siku, kwa miezi. Mafuta yakaiva na kugeuka mazito moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye kona, ambako tairi za mbele lazima zizunguke zaidi ya za nyuma, gari halikuwa na pa kuachia.

Kupima ilikuwa dakika tano. Gari sehemu tambarare, vigingi kwenye tairi za nyuma, gia kwenye N, handibreki imevutwa, tairi moja ya mbele inanyanyuliwa kwa jeki. Unaizungusha kwa mkono. Kaplingi nzima inakubali kwa uzito, polepole, kama unakoroga uji uliopoa. Yangu haikusogea hata kidole kimoja. Giaboksi yangu ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Nilibadilisha kaplingi na tairi zote nne. Kishindo kikaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: tuanze nje kabla ya kwenda ndani. Tairi, oili, mauntingi (vishikizo vya injini), propela (shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu kwenye difu), waya na sensa, halafu ndipo giaboksi. Nitaendelea chini kuhusu gia kuteleza. Wenye ujuzi karibuni mnirekebishe.

NjiaPanda

Asante mkuu kwa somo. Swali: yangu pia inajikaza kwenye kona hivyohivyo, lakini nikiweka 4H (tairi zote nne) tu. Nikiwa 2H (tairi mbili) hakuna kitu. Nayo ni kaplingi?

KaziNaSpana

Hapana mkuu, yako haijaharibika. Hiyo ni fowili ya kuchagua, haina difu ya kati. Ukiweka 4H, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja kama chuma kimoja. Kwenye tope, mchanga au changarawe tairi zinateleza kidogo na mkazo unaisha wenyewe. Kwenye lami kavu hakuna pa kuteleza, basi mkazo unajikusanya kwenye mnyororo wa transfa, kwenye krosi (jointi za msalaba za propela) na kwenye difu. Ukiendelea hivyo utapasua kitu.

Ikitokea umesahau na sasa lever imegoma kurudi 2H, usiilazimishe. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka. Mkazo ukifunguka lever itarudi kwa urahisi.

Pajero zenye Super Select ni jambo jingine, zina nafasi ya 4H yenye difu ya kati iliyo huru na unaweza kuitumia kwenye lami. Kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

MtotoWaGereji

Naongezea hapo. Subaru Forester za auto ya gia 4 zina tabia hiyohiyo ya kujikaza lakini sababu ni tofauti. Hazina visikasi kwenye auto, zina klachi ya sahani nyuma ya giaboksi inayoendeshwa na solenoidi, yaani valvu ya umeme. Ndani ya boneti kuna nafasi ya fyuzi imeandikwa FWD, kwa kawaida iko tupu. Ukichomeka fyuzi pale, kompyuta inaachia tairi za nyuma. Kujikaza kukiisha, angalia solenoidi na umeme wake. Kusipoisha, ile klachi yenyewe imeng'ang'ana. Ni kipimo tu, usitembee na fyuzi hiyo maisha yote.

Na Land Rover Freelander ya kizazi cha kwanza, ile visikasi imekaa katikati ya propela. Ikikaza, kinachoumia ni boksi la pembe la mbele linalogawa nguvu, na ni ghali kuliko visikasi yenyewe. Ndiyo maana utakuta nyingi zinatembea propela imevuliwa. Ukienda kununua moja, chungulia chini uone kama propela ipo.

KaziNaSpana

Nimekupata, na hiyo ya kuchungulia ni muhimu sana.

Sasa nije kwenye kuteleza. Kuteleza ni pale unakanyaga mafuta, injini inapanda sauti na mshale wa RPM unapanda, lakini gari haliongezi mwendo kwa kiasi hicho. Ndugu yake ni kuchelewa: unatoa P unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashika. Hizi dalili mbili ndizo zinazofanya watu waandike wosia wa giaboksi, na mara nyingi cha kwanza kuangaliwa ni kijiti cha oili.

Kijiti cha oili ya giaboksi hakipimwi kama cha injini. Kwa magari mengi ya auto unatembea kwanza mpaka oili ipate moto, unaegesha sehemu tambarare, injini inanguruma, unapitisha gia zote taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo unachomoa, unafuta, unarudisha, unachomoa tena na kusoma kwenye alama ya HOT. Honda nyingi ni kinyume: unazima injini na kusoma mara moja baada ya kuzima. Ukipima njia isiyo yake utaongeza oili isiyohitajika, na oili ikizidi inapigwa na gia mpaka inatoa povu. Povu halibebi presha, na gari litateleza vilevile kana kwamba oili ni pungufu.

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayopitisha mwanga, iache. Kahawia, imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, klachi za ndani zimeshaliwa. Ya pinki kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari hapohapo usiliwashe tena.

Hiyo ya pinki nataka niikazie. Magari mengi ya auto hupoozea oili ya giaboksi ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozamishwa katika maji ya kupooza injini. Bomba likitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi. Nissan Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 zinajulikana kwa jambo hilo. Maji yanafungua gundi inayoshikilia nyuzi za msuguano kwenye sahani za klachi, zinamenyuka kama ganda. Ukiwahi siku ile ile unaweza kuokoa kwa kumwaga na kujaza mara kadhaa. Ukitembea nayo wiki nzima, hapo kweli giaboksi imekufa. Ukinunua gari la aina hiyo likiwa na rejeta ya zamani, badilisha rejeta kwanza au weka kipoozeo cha oili kinachojitegemea. Rejeta ni nafuu mno ukilinganisha.

Mzee wa Difu

Vijana, mnasema vizuri, lakini oili ya auto katika gari kuukuu msiiguse. Nimefanya kazi hii tangu wengi wenu hamjazaliwa. Gari linakuja linatembea, unamwaga oili nyeusi unaweka mpya nyekundu, wiki moja linarudi linavutwa. Ule uchafu ndio ulikuwa unaisaidia kushika.

KaziNaSpana

Shikamoo mzee. Naheshimu uzoefu wako, na najua hayo umeyaona kwa macho. Ila naomba kutofautiana na wewe kwenye sababu. Mtu anayekuja kubadilisha oili kwenye gari la kilomita 250,000 mara nyingi anakuja kwa sababu limeshaanza kuteleza. Klachi zimeisha tayari, oili mpya haiwezi kurudisha nyuzi zilizosagika. Ikifa wiki ijayo, lawama inakwenda kwa oili.

Ninachokikataa ni ile mashine ya kusukuma oili yote kwa presha kwenye giaboksi isiyowahi kusafishwa. Inang'oa matope na kuyapeleka kwenye vinjia vyembamba vya valvu bodi, sehemu inayoelekeza oili kwenye gia. Kumwaga kwa plagi na kujaza ni salama zaidi, kwa sababu inatoka kati ya theluthi na nusu tu, nyingine inabaki ndani ya toki konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Unatembea nayo, unarudia, unarudia tena. Inajisafisha polepole. Na kiasi kilichotoka ukipime kwenye chupa, urudishe kilekile.

Mzee wa Difu

Marahaba. Ya mashine nakubaliana nawe. Ukifungua sampo, ile trei ya oili chini ya giaboksi, basi waambie waangalie sumaku. Watu wanaifuta na kuirudisha bila kuitazama.

KaziNaSpana

Kweli kabisa mzee, asante kwa kunikumbusha. Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo. Ikiwa na tope laini la kijivu, ukilisugua kati ya vidole ni kama grisi, hayo ni machakavu ya kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au kijiti cha chuma chenye umbo la kitu, kuna gia au beringi inavunjika. Hapo hata mimi nitakuambia ishushwe.

Na aina ya oili ndugu zangu. Toyota yenye oili ya T-IV haiwekwi oili ya WS kwa kubahatisha. CVT (auto ya mkanda na puli) haiwekwi ATF, oili ya auto ya kawaida, hata lita moja, kwa sababu ule mkanda wa chuma unashika puli kwa msaada wa oili yake maalumu. X-Trail nyingi zenye CVT zimeuawa na oili isiyo yake, halafu watu wanasema CVT ni mbovu. Kama kijiti hakipo, gari linapimwa kwa kufungua plagi ya pembeni oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa na mtengenezaji, na joto hilo linasomwa kwa mashine. Fundi anayekisia kwa kugusa sampo kwa mkono, mshukuru uondoke.

DadaDereva

Habari zenu kaka zangu. Mimi tatizo langu si kuteleza. Gari likiwa kilomita 70 hivi kwa saa, nimekanyaga mafuta kidogo tu, linatetemeka kama napita juu ya matuta madogo madogo yaliyopangana. Nikikanyaga zaidi linaacha. Nikiachia linaacha. Nimeshabalansi tairi mara mbili. Pia nikitoa R kuweka D kuna "ngo" moja nzito chini.

KaziNaSpana

Dada, hayo yanaweza kuwa mambo mawili tofauti, tuyatenganishe.

La kwanza: tairi isiyo na balansi hutetemeka kwa mwendo fulani hata ukiachia mafuta. Lako linategemea mguu. Hiyo ni sura ya toki konveta inapojifunga. Kwenye mwendo wa kati, klachi iliyo ndani ya konveta hufunga ili injini na giaboksi vizunguke pamoja na mafuta yasipotee. Oili ikizeeka, ile klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Jaribu hivi: ukiwa kwenye mtetemo huo, mguu wa kulia usibadilike, gusa pedali ya breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, barabara ikiwa tupu. Taa za breki zikiwaka kompyuta inaifungua ile klachi. Mtetemo ukikatika papo hapo, umeshapata jibu, na dawa ya kwanza ni oili sahihi. Ila ukisikia mtetemo uleule unapoondoka na gari au unapopanda mlima, angalia CV jointi (jointi za shafti zinazozungusha tairi) za ndani na plagi za kuwashia injini. Silinda moja isiyochoma vizuri inadanganya sana, inafanana na giaboksi mbovu.

La pili, hiyo "ngo": simama nje, mtu mwingine akiwa kwenye kiti amekanyaga breki kwa nguvu na handibreki imevutwa, abadilishe R na D huku boneti iko wazi. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka juu kama inataka kutoka, mauntingi zimekatika. Isiporuka, zima gari, weka vigingi, gia iwe N, ingia chini ukashike propela.

MtotoWaGereji

Dada, ukiishika propela, izungushe kushoto na kulia kwa nusu mzunguko wa mkono huku ukitazama krosi zote. Upande mmoja wa krosi ukitangulia na mwingine ukafuata baadaye, imeliwa. Angalia pia vikombe vyake: vikiwa na vumbi jekundu la kutu pembezoni, ndani hakuna grisi, sindano za beringi zimekauka zinasagana. Krosi kavu kabla ya kugonga huwa inalia kama panya, "kwi kwi kwi", na inaongeza kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo.

NjiaPanda

Mimi nilidhani auto peke yake ndiyo ina matatizo. Yangu ni manyuali, nikikanyaga klachi kuna mlio wa kusaga, nikiachia unaisha.

KaziNaSpana

Beringi ya klachi, ile inayosukuma presha pleti. Ukisikia kinyume chake, mlio upo ukiwa umeachia klachi na unaisha ukikanyaga, basi ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Gari likiwa na flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) ya vipande viwili, sikiliza pia mgongano unapozima injini. Ukishusha giaboksi kwa klachi, badilisha sahani, presha pleti na beringi kwa pamoja, na utazame sili (mpira unaozuia oili kuvuja) ya nyuma ya krenki. Kazi ya kushusha ndiyo kubwa, usiirudie kwa ajili ya sili moja.

Na oili ya giaboksi ya manyuali, soma kwenye kitabu kama inataka daraja la GL-4. Ya difu ni GL-5. Baadhi ya GL-5 zinakula shaba ya zile sinkromeshi (pete zinazolainisha gia kuingia), gia zinaanza kugoma na kukwaruza, hasa ya pili. Si kila oili nzito inafaa kila tundu.

Mzee wa Difu

Difu inavuma na beringi ya tairi inavuma, watu wanachanganya. Tembea barabara iliyonyooka. Ukikanyaga inalia, ukiachia inanyamaza au inabadili sauti, hiyo ni difu, pinioni na krauni, gia zake mbili kuu, hazikamatani sawasawa. Ikiwa haijali mafuta, lakini ukiyumbisha usukani kushoto inaongezeka na kulia inapungua, hiyo ni beringi ya tairi upande ule uliobeba uzito.

Na wenye Land Cruiser 80, angalieni ile tufe kubwa nyuma ya tairi za mbele. Ikilowa supu nyeusi, sili ya ndani imekwisha, oili ya difu imeingia kwenye grisi ya jointi na kuiyeyusha. Ukiiacha, kwenye kona utaanza kusikia "ta ta ta ta". Ukisikia hivyo jointi imeshakufa.

MtotoWaGereji

CR-V za zamani zenye fowili zinanguruma kwenye kona ya taratibu, usikubali difu ya nyuma ifunguliwe kabla ya kubadilisha oili yake. Ndani kuna pampu mbili na klachi, na ina oili yake maalumu. Wengi wakibadilisha tu mngurumo unaisha.

Na RAV4 za auto za 2001 hadi 2003, gia zikiingia kwa kishindo, chunguza kompyuta kabla ya kugusa giaboksi. Inajulikana kuharibika. Ukiendelea kuendesha na vishindo hivyo giaboksi nayo inaumia, kwa hiyo usikawie.

KaziNaSpana

Hapo umegusa jambo ambalo nilitaka kulisema: umeme. Gari likikwama gia moja, kwa kawaida ya tatu, halipandi wala halishuki, hiyo mara nyingi ni hali ya kujilinda. Kompyuta imeona kitu isichokielewa. Soma kodi, yaani namba za hitilafu, kabla ya kuzifuta. P0715 inazungumzia sensa ya mzunguko wa kuingilia. P0730 inasema uwiano wa gia hauendani. P0741 inahusu klachi ya toki konveta kutofunga. P0700 peke yake haisemi chochote zaidi ya "nenda kasome kompyuta ya giaboksi", kwa hiyo mtu asikuuzie giaboksi kwa P0700. Waya ulioliwa na panya au soketi iliyoingia oili inatoa kodi zilezile.

Kwa anayekwenda kununua: fika gari likiwa la baridi, muuzaji asiwe ameliwasha. Gusa boneti. Kuteleza na kuchelewa kwingine kunaonekana dakika tano za kwanza tu, kwingine baada ya nusu saa ya joto, kwa hiyo unahitaji vyote viwili. Kata usukani hadi mwisho, zunguka duara polepole pande zote mbili, dirisha likiwa wazi. Kisha lala chini, utazame buti za CV jointi. Buti ikipasuka, grisi inarushwa kwa duara ndani ya rimu, huwezi kukosea ukiiona.

Na likiharibika njiani, fowili ya muda wote isivutwe tairi mbili zikiwa chini. Ibebwe yote.

DadaDereva

Kaka zangu, narudi na majibu. Breki ya mguu wa kushoto: mtetemo ulikatika palepale. Oili ilitoka rangi ya kahawa, tumemwaga na kujaza mara mbili, mtetemo umepungua sana, bado nasikia kidogo asubuhi.

Propela: mauntingi ni nzima. Krosi ya nyuma ilikuwa na lile vumbi jekundu hasa kama alivyosema MtotoWaGereji. Fundi alipoitoa, kikombe kimoja hakikuwa na sindano, zilikuwa zimegeuka unga. Kabla ya kuvua alipiga alama ya rangi kwenye propela na kwenye flanji ili irudi ilivyokuwa. "Ngo" haipo tena.

Lakini akiwa chini aliona difu ya nyuma inalowa mbele, pale propela inapoingia. Anataka kubadilisha sili ya pinioni kesho. Niruhusu?

KaziNaSpana

Hongera dada, umefanya kazi nzuri. Rudia oili mara ya tatu baada ya kutembea kidogo, huo mtetemo uliobaki utaisha.

Sili usimruhusu bado. Juu ya difu kuna kipumuo, kijipira chembamba au kifuniko kidogo cha chuma. Mwambie akichomoe apulize. Kikiziba kwa tope, difu ikipata joto presha haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia kwenye sili. Utabadilisha sili tatu na zote zitavuja.

DadaDereva

Amepuliza. Hakipiti hata hewa kidogo, kimejaa udongo mkavu. Amekisafisha, amefuta difu, na kaweka kadibodi chini usiku huu tuone asubuhi.